Nta ya Jani la Mbuni

Mvua ikinyesha twaona maji yakiteleza juu ya jani la mbuni. Ngozi yake imepakwa nta. Nayo ni ngao, kwani mbegu za kuvu za kahawa haziwezi kuota pasipo maji. Kutu haishindani na ngao hiyo: huingia upande wa chini, kwenye vitundu vya kupumulia. Chulebuni, iliyotambuliwa kwanza Kenya mwaka 1922, ni jeuri zaidi. Huligandama tunda bichi, ikaitoboa ngozi yenyewe.

Basi twanyunyiza dawa ya shaba mapema, na chini ya majani pia, ingawa wengi wetu hunyunyiza juu tu, ndipo mkono ufikapo upesi. Dawa hiyo hukaa juu ya ngozi. Kuvu iliyokwisha kuingia haiifikii.