Upele: Dawa Ipakwe na Nyumba Nzima

Mtoto anajikuna usiku kucha, katikati ya vidole na kiunoni. Mchana anapata nafuu. Mara nyingi huo ni upele. Wapo wanaomlaumu mama kwamba ni mchafu, na kauli hiyo inaumiza bure. Upele huletwa na utitiri: jike huchimba chini ya ngozi na kutaga mayai humo. Huhamia mtu mwingine kwa kugusana, hasa watoto wanapobanana kitanda kimoja. Tena aliyeambukizwa mara ya kwanza aweza kukaa wiki 4 hadi 6 bila kuwashwa, huku akiwaambukiza wenzake.

Kwa hiyo dawa, iwe permethrini au BBE (benzyl benzoate), ipakwe na wote nyumbani siku moja, hata asiyejikuna. Permethrini hurudiwa baada ya wiki moja. Nguo na shuka zifuliwe kwa maji ya moto, zianikwe juani. Maji ya lori yakiwa ghali, zifunge kwenye mfuko wa plastiki siku 7. Utitiri hauishi siku nyingi mbali na mwili wa mtu.

Mapunye ya kichwani si upele: hayo ni kuvu, nayo huhitaji dawa ya kumeza. Usiyapake krimu yenye steroidi: muwasho hutulia, kuvu inazidi kusambaa. Vidonda vikitoa usaha au homa ikipanda, mpeleke mtoto kituo cha afya siku hiyo hiyo.