Kaniki Kabla ya Leso: Maneno ya Katibu wa Kwaya kuhusu Nguo za Igizo Letu

Mchungaji wetu, wazee wa kanisa, baba na mama zetu, wanakwaya wenzangu, na ninyi wageni mliotoka Msambweni, Kwale na ng'ambo ya Likoni: karibuni sana kwenye Yubilei yetu ya Fedha. Mwenyekiti ameshaeleza historia ya kwaya. Mimi nimepewa dakika chache nizungumzie nguo.

Baada ya chakula mtatuona tukiigiza jinsi Injili ilivyofika pwani hii. Tunaanza na Krapf akishuka Mombasa mwaka 1844, tunapita Rabai na Freretown iliyoanzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa utumwani, na tunamalizia Rabai tarehe 1 Januari 1889. Siku hiyo watu zaidi ya 1,400 waliokuwa wametoroka mabwana zao wakakimbilia misheni walipewa hati za uhuru, baada ya Mackenzie wa kampuni ya Waingereza kupatana na mabwana hao na kuwalipa. Sisi wa Kwale hatuhitaji kwenda mbali kuikumbuka habari hii. Shimoni iko hapo chini tu, na pango lake mnalijua.

Ulaya na Marekani kuna watu ambao hii ndiyo burudani yao ya mwisho wa juma: kushona mavazi ya zamani na kuigiza mambo yaliyopita, tena wanabishana hata juu ya kifungo. Nilikuwa nikiwacheka. Sasa siwacheki tena, maana sisi tumebishana miezi sita.

Kosa la kwanza lilikuwa langu. Niliandika kwenye bajeti jozi 20 za leso, nikaona kazi imekwisha. Mama mmoja wa sauti ya pili, ambaye ameketi kwenye cherehani maisha yake yote, akaniuliza, "Katibu, mwanangu, hao watu wa Krapf walivaa leso zenye jina?" Nikanyamaza. Leso kama tunazozijua, zenye pindo, mji na jina, zilikuja baadaye. Neno lenyewe tulilipata kwa Wareno, likimaanisha kitambaa cha mkono, na wazee husimulia kuwa wanawake wa pwani walinunua vitambaa hivyo kabla havijakatwa, wakaunganisha sita kuwa nguo moja, vitatu juu na vitatu chini. Duka la Kaderdina pale Mombasa, la "Mali ya Abdulla", lilianza mwaka 1887. Krapf alikuwa ameshafariki.

Basi tukarudi kwenye merikani na kaniki. Merikani imeitwa hivyo kwa sababu ililetwa na merikebu za Wamarekani, hasa wafanyabiashara wa Salem, waliokuwa na mkataba na Seyyid Said tangu mwaka 1833. Vita vyao vya 1861 hadi 1865 vilipoipunguza pamba, nguo za India na Uingereza zilichukua soko, lakini jina likabaki. Kaniki ni nguo ile ile nyepesi ya pamba, ila imetiwa rangi ya nili mpaka ikawa kama nyeusi. Ilikuwa nguo ya shamba, nguo ya maskini, na nguo ya mtumwa.

Hapo ndipo kazi ilipokwama. Tulipogawa kaniki, mama yule yule aliirudisha mezani. "Hii siivai." Tulidhani ni rangi haimpendezi. Ameniruhusu niyaseme aliyotuambia, bila jina lake: bibi mzaa bibi yake alishushwa Freretown akiwa mtoto, na nyumbani kwao jambo hilo halikuzungumzwa kamwe. Alisema, "Tumekaa miaka yote hii hatuulizwi tulitoka wapi. Leo nisimame mbele ya kanisa nimevaa jibu?"

Jumamosi mbili hatukushona. Baadhi yetu walisema tuvae leso nzuri tu, sherehe ni sherehe, nani atajua? Nami nakiri nilikaribia kukubali, maana muda ulikuwa unakwisha. Jumamosi ya tatu mama akaja na sindano yake na uzi. Akasema atavaa kaniki, lakini sharti mwisho wa igizo apewe leso, aifunge mwenyewe.

Kumbe alikuwa ameigusa historia yenyewe. Unguja, utumwa ulipopigwa marufuku mwaka 1897, wanawake waliokuwa watumwa waliacha kaniki na merikani wakanunua kanga za rangi, wakajifunika na kichwa pia, jambo ambalo awali hawakuruhusiwa. Kwao kanga ilikuwa tangazo. Tukabadilisha onyesho la mwisho. Najua mwaka 1889 si 1897, na Rabai si Unguja. Tumejipa ruhusa hiyo.

Kuhusu ushonaji wenyewe, msitukague sana. Mwaka 1844 pwani hii haikuwa na cherehani, kwa hiyo mapindo yote yanayoonekana tumeyashona kwa mkono. Ya ndani, Mungu atusamehe, yamepita kwenye mashine. Vijana wa besi ambao hawajawahi kutunga uzi sasa wanapiga bandi vizuri kuliko mimi. Mmoja wao ndiye aliyeunganisha ile leso ya vitambaa sita. Mtaiona imepinda upande, lakini ni yake. Hando za watu wa Rabai zimetutoa jasho, kwa sababu marinda yake hula kitambaa na hayataki haraka. Akina mama wa Kiduruma walitufundisha tangu mwanzo. Koti la Krapf lilikuwa pazia la ofisi ya kanisa, na Mchungaji analijua. Fundi mmoja Mwislamu wa Ukunda alitupigia pasi nguo zote bila malipo, na bibi jirani yake alitusahihisha namna ya kufunga kaniki kifuani isianguke katikati ya wimbo.

Baada ya igizo nguo zitatundikwa ukumbini hadi jioni. Njooni mzishike, mwulize ni nani ameshona ipi. Ila tafadhali, mnawe mikono kwanza: pilau ya leo ina mafuta.