Sufu Huharibikia Nyumbani Kabla ya Kufika Sokoni



Katika nyanda za juu za Nyandarua, kondoo si mgeni. Baridi ya Kinangop na Ol Kalou inamfaa, na nyasi zipo. Hata hivyo, familia nyingi humfuga kwa ajili ya nyama pekee. Akishanyolewa, manyoya hutupwa shimoni au huchomwa. Mazungumzo ya leo yanahusu manyoya hayo, na familia ambazo zimeanza kuyapenda.

Kwa kawaida mambo huanza kidogo. Familia inanunua kondoo jike wawili. Mimba ya kondoo ni takriban miezi 5, kwa hivyo haupiti muda mrefu kabla ya wana-kondoo kucheza uani. Watoto wanawapa majina. Siku ya kunyoa, mtu anauliza: haya yote yatatupwa? Basi mama anajifunza kusokota, nyanya anachambua, vijana wanashika makasi, na baba anaanza kuangalia malisho kwa makini kuliko zamani. Hivyo ndivyo mifugo ya mtu mmoja inavyogeuka kuwa kazi ya nyumba nzima.

Lakini mapenzi peke yake hayatoi uzi mzuri. Kwanza, si kila kondoo ana sufu. Dorper, mwenye asili ya Afrika Kusini, ni wa nyama, na kondoo mwekundu wa Kimaasai ana nywele, ingawa anasifika kwa kuvumilia minyoo. Anayetaka sufu atafute Merino au Corriedale.

Pili, ubora wa sufu huamuliwa muda mrefu kabla ya makasi kuletwa. Kondoo akikaa na njaa au akiugua, unyuzi unaoota wakati huo huwa mwembamba, na ukivutwa hukatikia hapo hapo. Kwa hivyo dawa ya minyoo iliyocheleweshwa huonekana baadaye kwenye uzi. Kishonanguo kikishika manyoya, kukitoa ni kazi ya kutwa nzima.

Tatu, ni siku yenyewe ya kunyoa. Nyoeni wakati wa kiangazi, kondoo akiwa mkavu, mahali palipofagiliwa. Kondoo aliyenyolewa akinyeshewa usiku wa baridi anaweza kufa, kwa hivyo awe na banda. Tengeni manyoya ya tumboni na yenye kinyesi. Msichanganye meupe na meusi. Msiyafunge kwa kamba ya nailoni wala kuyatia kwenye gunia la plastiki linalochanika, kwa maana nyuzi zake hujichanganya na sufu na hazishiki rangi.

Kuosha nako kuna siri yake. Sufu ina mafuta ya asili, hivyo inahitaji maji ya moto na sabuni. Iloweke tu. Ukiifikicha, au ukiitoa kwenye maji ya moto na kuitumbukiza kwenye ya baridi, hujikunja na kushikamana, na haitasokoteka tena. Ikishakauka, huchanwa kwa brashi mbili za meno ya waya, kisha husokotwa na kufumwa kuwa shali, zulia au blanketi. Mjini Nanyuki, wanawake wamekuwa wakifanya kazi hii kwa mikono tangu miaka ya 1970, na vitu vyao hununuliwa na wenyeji na watalii.

Ukweli usemwe: sufu haitachukua nafasi ya maziwa wala viazi. Nyuzi za viwandani zimeshusha bei ya sufu mbichi duniani, na anayeuza gunia chafu atalipwa kidogo au arudishwe nalo. Faida iko katika kazi ya mikono. Tena, nyama huuzwa mara moja, lakini kondoo huyo huyo hunyolewa kila mwaka.

Anayetaka kuanza aanze na kondoo wawili au watatu, baada ya kuzungumza na afisa wa mifugo wa wadi yake. Atafute mnunuzi au fundi wa kufuma kabla ya siku ya kunyoa, si baadaye. Na aandike: tarehe ya dawa, kilo zilizonyolewa, siku zilizotumika kusokota. Mali bila daftari hupotea bila habari.