Jibu Limo Ndani ya Habari

(Maneno ya walimu wa masomo ya jioni, yaliyosomwa mbele ya mkutano wa kuadhimisha Siku ya Wakimbizi Duniani)



Tunaishukuru Kamati kwa kutupa nafasi hii. Tuliombwa tuzungumze juu ya elimu. Elimu ni bahari, na muda tuliopewa ni mfupi, kwa hiyo tumechagua jambo moja tu. Jambo hilo ndilo linalowasimamisha vijana wetu wengi mlangoni mwa chuo kikuu, nalo ni kusoma habari ya Kiingereza na kujibu maswali yake. Shuleni tuliliita ufahamu.

Tuanze na siku yenyewe. Tarehe 20 Juni haikuchaguliwa ovyo. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika kuhusu wakimbizi, uliopitishwa mwaka 1969, ulianza kutumika tarehe 20 Juni 1974, na nchi nyingi za Afrika zikawa zikiikumbuka siku hiyo. Dunia nzima ilianza kuiadhimisha pamoja nasi mwaka 2001, ulipotimia mwaka wa 50 wa Mkataba wa Geneva wa 1951. Katika mkataba huo wa 1951, ibara ya 22 inahusu elimu. Inataja shule ya msingi, kisha inataja masomo ya juu, kutambuliwa kwa vyeti vya nchi za nje, kupunguziwa ada na kupewa ufadhili. Basi mkimbizi anayetaka chuo kikuu haombi kitu cha ajabu. Anaomba jambo ambalo mataifa yaliliandika kabla wengi wetu hatujazaliwa.

Lakini kati ya maandishi na kiti cha darasani pana safari. Mwaka 2016 UNHCR ilitangaza kwamba katika kila vijana 100 wakimbizi duniani, ni 1 tu aliyekuwa chuoni. Katika ripoti yake ya mwaka 2024 idadi hiyo ilifikia 7. Lengo lililowekwa ni 15 ifikapo mwaka 2030. Ufadhili upo, kama ule wa DAFI ulioanzishwa mwaka 1992 kwa fedha za serikali ya Ujerumani na kupewa jina la Albert Einstein, ambaye naye alikuwa mkimbizi. Hata hivyo nafasi ni chache na wanaoomba ni wengi. Panapokuwa na wengi mlangoni, karatasi ya mtihani ndiyo inayochagua.

Sasa tujitazame wenyewe. Wengi wetu hapa kambini tulisoma kwa Kifaransa, ama Kongo ama Burundi. Tunaongea Kiswahili sokoni na kwenye foleni ya maji, na kila mmoja ana lugha ya mama nyumbani. Lakini hapa Uganda chuo kikuu kinafundisha kwa Kiingereza. Kijana aliyemaliza sekondari huko kwetu hutafsiri cheti chake, hukipeleka kilinganishwe na Bodi ya Taifa ya Mitihani ya Uganda, UNEB, kisha hukutana na Kiingereza ana kwa ana. Aliyesoma sekondari hapa hapa hukutana nacho katika General Paper ya kidato cha sita. Mtu mzima wa miaka 25 na zaidi, anayeingia kwa mlango wa mtihani wa watu wazima, hukutana nacho huko. Anayeomba kusoma ng'ambo mara nyingi huulizwa matokeo ya IELTS au TOEFL. Milango ni mingi, lakini ufunguo ni mmoja.

Ndugu zetu, watu hudhani kwamba anayeshindwa ufahamu ameshindwa kwa sababu hajui maneno mengi. Maneno yana sehemu yake, tutayafikia. Lakini katika miaka tuliyofundisha jioni tumeona sababu nyingine iliyo kubwa zaidi: msomaji anajibu kwa yale anayoyajua maishani, wala si kwa yale yaliyoandikwa kwenye karatasi.

Tutoe mfano. Hii ni habari fupi tuliyoitunga sisi wenyewe kwa Kiingereza, na kwa faida ya wote tunaisema kwa Kiswahili: "Wakulima 60 waligawiwa mbegu za maharagwe. Wakulima 35 walipanda kabla ya mvua, na 25 walisubiri mvua inyeshe kwanza. Ingawa waliopanda mapema walikuwa wengi, waliosubiri ndio waliovuna magunia mengi zaidi."

Baada ya habari hiyo tuliweka kauli tatu. Mtahiniwa aseme kama kauli ni kweli, si kweli, au haikusemwa. Mtindo huu ndio unaotumika katika IELTS, na umewaangusha watu wenye akili nyingi.

Kauli ya kwanza: waliopanda mapema walikuwa wengi kuliko waliosubiri. Ni kweli, 35 ni zaidi ya 25. Kauli ya pili: waliopanda mapema ndio waliovuna zaidi. Si kweli, habari imesema kinyume chake. Kauli ya tatu: mbegu za waliopanda mapema zililiwa na ndege.

Hapo darasa zima liliandika "kweli". Mama mmoja, mkulima wa siku nyingi, alisimama akasema: "Mwalimu, mbegu ikikaa ardhini bila mvua, ndege na panya wanaimaliza. Mimi nimeyaona kwa macho yangu." Nasi tulimjibu kwa heshima: Mama, uliyoyaona ni ya kweli, na shambani tutakufuata wewe. Lakini tuonyeshe mstari ulioandikwa ndege. Alisoma tena, akasoma mara ya tatu, akacheka, akaandika "haikusemwa". Tangu siku hiyo darasa letu lina swali moja linaloulizwa kila jioni: "Mstari uko wapi?" Asiyeweza kuuonyesha mstari, hajajibu bado.

Jambo hili linakuwa gumu zaidi habari inapogusa maisha yetu. Habari ikitaja mpaka, mtumbwi au usiku, kalamu huanza kuandika yaliyotupata sisi. Kijana mmoja alipewa habari ya familia iliyohama kwa sababu ya ukame. Aliulizwa kwa nini walihama, akaandika: vita. Tulielewa sote, na hakuna aliyemcheka. Lakini msahihishaji aliye mbali hamjui kijana huyo wala njia aliyopita. Mbele yake ipo karatasi tu.

Kwa hiyo tunawaambia vijana: historia yako ni mali yako, usiitupe. Iko siku utaombwa kuiandika, katika barua ya kuomba ufadhili au mbele ya watu wanaokuhoji. Siku hiyo iandike kwa ukamilifu. Siku ya ufahamu, mpe mwandishi nafasi aseme yake, nawe useme alichosema yeye.

Tuje kwenye maneno. Sisi tuliosoma Kifaransa tuna faida, maana maneno mengi ya Kiingereza yanafanana na tuliyoyazoea. Lakini mengine yanafanana kwa sura tu. "Library" si duka la vitabu, ni maktaba. "Attend" si kusubiri, ni kuhudhuria. "Actually" si kwa sasa, ni kwa kweli. "Eventually" si huenda, ni hatimaye. Fikirini sentensi inayosema kwamba kamati "eventually" iliwalipa vibarua. Mwenye Kifaransa kichwani atasema huenda kamati ikawalipa. Mwenye Kiingereza atasema hatimaye iliwalipa. Kati ya hao wawili, mmoja anadhani vibarua bado wanadai!

Yapo pia maneno madogo yanayogeuza sentensi nzima. "Hardly" haina maana ya kwa nguvu. Kisima ambacho "hardly" kinatoa maji ni kisima kilichokaribia kukauka. "Few" ni wachache mno, na "a few" ni wachache lakini wapo. "Unless" ni isipokuwa. "However" na "although" ni alama za njia panda, na mara nyingi swali hutegwa papo hapo. Tunawaomba wanafunzi wayaandike maneno haya nyuma ya daftari, kila neno na sentensi yake, kwa sababu neno lililokaririwa peke yake husahaulika upesi.

Baada ya maneno ni saa. Mtihani wa kusoma wa IELTS kwa wanaokwenda chuo una habari 3, maswali 40 na dakika 60. Ni dakika 20 kwa kila habari, na kila swali lina dakika moja na nusu. Anayesoma polepole kama anayesoma barua ya mchumba atafika habari ya pili kengele imelia. Pitia habari upesi ujue inahusu nini. Soma swali. Rudi utafute mstari. Ukikutana na neno usilolijua, lipite, maana sentensi inayofuata huweza kulifafanua. Swali likikataa, liwekee alama uendelee. Katika mtihani huo jibu lisilo sahihi halipunguzi alama, kwa hiyo usiache nafasi wazi. Na pale unapoombwa muhtasari wa maneno yasiyozidi 100, hesabu maneno yako. Neno la 101 linaonyesha kwamba hukusoma agizo.

Wengine watauliza: tutafanyaje mazoezi bila vitabu? Vitabu ni haba, lakini Kiingereza kimetuzunguka. Tangazo la mgao lililobandikwa ubaoni ni habari. Karatasi ndani ya boksi la dawa ni habari. Maelezo kwenye pakiti ya mbegu ni habari, na hata ukurasa wa gazeti uliofungiwa maandazi. Kaeni watu watano. Mmoja asome kwa sauti, kila mmoja atunge swali moja, mbadilishane maswali, na kila jibu lionyeshewe mstari. Aliyetunga swali hujifunza kuliko aliyelijibu, kwa sababu ameanza kufikiri kama mtunga mtihani. Nusu saa kila siku kwa miezi sita inashinda mkesha wa wiki moja kabla ya mtihani. Haba na haba hujaza kibaba.

Wazazi wetu, msidhani kwamba jambo hili ni la wanaokwenda chuo tu. Karatasi ngapi tumewekea kidole gumba bila kujua zinasema nini? Fomu ya hospitali, fomu ya mkopo wa kikundi, barua ya kuitwa kwenye mahojiano: zote ni mtihani wa ufahamu, na kosa lake ni zito kuliko alama iliyopotea. Kijana anayeuliza mstari uko wapi atamsaidia mama yake asitie sahihi kitu ambacho hakikusemwa.

Kwa hiyo tunaomba haya. Wazazi, mpeni binti muda sawa na kaka yake. Tumeweka somo la wasichana saa kumi alasiri ili warudi nyumbani kabla ya giza. Binti akitumwa maji saa hiyo hiyo kila siku, kiti chake kitabaki kitupu. Tunajua hali ilivyo. Tangu mwaka 2023, mgao wa chakula ulipogawanywa kwa makundi ya mahitaji, vijana wengi walikwenda kutafuta vibarua na baadhi yao wakaacha daftari. Hatuwalaumu. Tunaomba tu siku mbili kwa wiki zibaki za kusoma.

Ndugu zetu wa mashirika, tunawashukuru kwa mengi, nasi tunaomba machache. Tupatieni mitihani ya miaka iliyopita, hata nakala moja kwa kila zoni. Tupatieni kamusi za Kiingereza kwa Kiingereza, na taa za sola kwa chumba kimoja cha kusomea. Tangazeni nafasi za ufadhili mapema na katika zoni zote, maana tangazo linalofika siku mbili kabla ya mwisho linamfaa anayekaa karibu na ofisi peke yake. Na kijana aliyefaulu kila kitu akakwama kwa ada ya mtihani au ya kutafsiri cheti, msaidieni avuke hatua hiyo ya mwisho.

Vijana, nanyi tunawaomba mje. Darasa letu halina milango, lina ubao, chaki na watu wanaosubiriana. Asiyejua Kiingereza aje na Kiswahili chake, tutaanzia hapo. Aliyeanguka mara ya kwanza aje na karatasi yake tuisome pamoja, swali kwa swali. Kitabu chetu cha mahudhurio kipo kwa katibu wa Kamati, na majina yanaandikwa kuanzia kesho asubuhi.