Sukari Iliyopanda Kidogo
Mtu anafika zahanati na homa. Anatobolewa kidole, anapimwa malaria, anaondoka. Kitambi kinaonekana, mama yake ana kisukari, lakini sukari yake haipimwi. Hapo ndipo tunapompoteza. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, sukari kabla ya kula ikiwa milimoli 6.1 hadi 6.9 kwa lita, bado si kisukari, ila si salama tena. Utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 2002 ulionyesha kuwa kupunguza uzito na kufanya mazoezi kulishusha hatari ya kupata kisukari kwa asilimia 58. Vidonge vya kisukari viitwavyo metformin, asilimia 31. Miguu iliishinda dawa! Msikilizaji, usingoje kuulizwa: nenda asubuhi hujala, omba upimwe sukari.