Kupatana na Kupatanishwa: Lugha ya Majadiliano katika Kiswahili

Mwaka 1981 Roger Fisher na William Ury walichapisha nchini Marekani kitabu chao kiitwacho Getting to Yes. Mafunzo mengi ya mawasiliano na majadiliano yanayotolewa leo kwa watumishi, wafanyabiashara na viongozi wa asasi yamejengwa juu ya fikra za kitabu hicho, hata pale ambapo mkufunzi mwenyewe hajapata kukisoma. Nasaha yake mashuhuri ni kwamba wanaojadiliana watenganishe watu na tatizo lililopo kati yao. Nasaha hiyo ina busara. Hata hivyo, inapofasiriwa na kupelekwa barazani kijijini, hukutana na lugha yenye utaratibu wake wa kulishughulikia jambo hilohilo. Utaratibu huo, ambao wasemaji huutumia kila siku, haumo katika vitini vya mafunzo. Ndio unaojadiliwa katika mhadhara huu.

Kitenzi pata humhitaji mtu na kitu anachokipata. Kikinyambuliwa katika kauli ya kutendana huwa patana, na hapo kile kitu hutoweka: wanaopata ndio haohao wanaopatwa. Ndivyo ilivyo kwa elewa na elewana, kubali na kubaliana, sikiliza na sikilizana, ridhi na ridhiana. Mtu mmoja aweza kuelewa. Hawezi kuelewana peke yake. Sarufi humdai mwenzi, ama kwa nafsi ya wingi ama kwa kiunganishi na. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huijua kanuni hii, huijibu vizuri katika mtihani, kisha huisahau siku anayopewa kazi ya kuandaa semina ya mawasiliano, ambapo hufundisha namna ya kusema tu.

Isidhaniwe, hata hivyo, kuwa kiambishi -an- ni kiambishi cha amani. Watu husemana, hujibizana, huvutana na kuzozana, na vitenzi vyote hivyo vina umbo lilelile. Kiambishi hueleza tu kwamba tendo linakwenda na kurudi. Kama linalorudi ni tusi au ni hoja, hilo liko mikononi mwa wazungumzaji, na hapo ndipo penye ujuzi unaoweza kufundishwa.

Sokoni ujuzi huo huonekana bila ya kutafutwa. Muuzaji anayeandika kwenye tangazo lake "bei maelewano" au anayesema "maongezi yapo" hataji bei. Anamwalika mnunuzi katika mazungumzo. Kiwango cha kwanza anachotaja si uongo, wala mnunuzi hakichukulii hivyo. Anayelipa papo hapo bila kusema neno huacha nyuma muuzaji mwenye fedha na mashaka: pengine angedai zaidi.

Jambo dogo zaidi, lakini lenye madhara makubwa, ni swali la kukanusha. Mhudumu wa zahanati humwuliza mgonjwa, "Jana hukunywa dawa?" Mgonjwa hujibu, "Ndiyo," akiwa na maana kwamba ni kweli, hakunywa. Mhudumu aliyesomeshwa kwa Kiingereza kwa miaka mingi aweza kuandika kwamba dawa ilinywewa. Hakuna aliyekosea sarufi. Kila mmoja amefuata kanuni anayoijua, na anayeumia ni mgonjwa. Swali la "Jana ulikunywa dawa saa ngapi?" lingeondoa tatizo hilo.

Kuhusu uwasilishaji wa hadharani, yatosha kutaja kasoro moja. "Naomba nichukue fursa hii kumshukuru" ni fungu lililotafsiriwa neno kwa neno, nalo humfanya mzungumzaji aombe, achukue, ndipo ashukuru. Wapo wanaoketi kabla ya kulifikia la tatu. Kifupisho cha "itifaki imezingatiwa" kilitarajiwa kuwapunguzia wasikilizaji mzigo. Siku hizi hutamkwa baada ya majina yote kwisha kusomwa.

Penye hazina kubwa ni katika posa. Familia ya kijana haiendi yenyewe, humtuma mshenga. Mshenga hupiga hodi, husalimu, huulizwa habari za safari na za wazee, na hajibu kwa haraka, kwa kuwa maamkizi hayo si kizingiti cha kurukwa ili mazungumzo yaanze. Ndiyo mazungumzo yenyewe: ndani yake wenyeji humpima mgeni kama ni mtu wa kusikiliza. Kisha husema kwamba waliomtuma wameona ua katika bustani ya nyumba hiyo. Wenyeji huelewa mara moja, lakini hawatoi jibu siku hiyo. Hupokea barua na kishika uchumba na kusema kwamba wamesikia na watawajulisha.

Yafaa kutazama kwa makini kinachofanywa na lugha hapo. Wenyeji wakikataa, husema kwamba ua hilo limekwisha kuonwa na wengine. Kukataa huliangukia ua, si kijana, wala si binti. Mshenga hurudi na habari hiyo akiwa na heshima yake, na waliomtuma hubaki na yao. Kesho pande zote mbili zaweza kukutana msibani na kuamkiana. Fisher na Ury wangelitambua lengo, lakini njia ni nyingine. Watu hawakutenganishwa na tatizo. Kati yao umewekwa mtu wa tatu na taswira, ili kila neno zito lipite humo kabla ya kumfikia mlengwa. Ni kosa kuuita usemi huo mzunguko au kupoteza wakati, kama wafanyavyo baadhi ya wakufunzi wanaosisitiza kwamba mawasiliano bora ni ya moja kwa moja. Kwa daktari katika chumba cha dharura, ni kweli. Kwa watu watakaoishi jirani miaka arobaini, si kweli.

Tofauti ya aina hiyo imewahi kuonekana pia katika siasa. Zanzibar ilitia saini makubaliano ya vyama mwaka 1999 na tena mwaka 2001, na yote mawili yaliitwa Muafaka. Mkutano wa Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif Sharif Hamad wa tarehe 5 Novemba 2009 ulizaa jina jingine, Maridhiano, na kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010 ikaidhinisha serikali ya umoja wa kitaifa kwa asilimia 66.4. Muafaka hutiwa saini. Maridhiano ni nomino iliyobeba kiambishi -an- tumboni mwake, na huwadai wahusika waendelee kuridhiana. Neno halikuweza kuyalinda: uchaguzi wa 2015 ulifutwa, ule wa marudio wa 2016 ukasusiwa na CUF, na serikali ya umoja ikarejea tu mwezi Desemba 2020. Lakini waliorejea walijua ni neno gani la kuanzia.

Leo suala hili ni la wananchi wa kawaida zaidi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya Tanzania ya mwaka 1999 iliweka Baraza la Ardhi la Kijiji lenye wajumbe saba, watatu kati yao wanawake, na kazi yake ni kusuluhisha. Mabaraza ya kata, ambayo yalikuwa yakitoa hukumu katika migogoro ya ardhi, yaliondolewa mamlaka hayo kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 na kuachiwa jukumu la kupatanisha. Mjumbe aliyezoea kuamua sasa anatakiwa apatanishe. Kitenzi amua kina maana ya kukata shauri, na pia ya kuwatenga wanaopigana. Patanisha kina -an- na -ish-: mpatanishi husababisha wawili wapatane, wala hawezi kupatana kwa niaba yao.

Badiliko hilo halitimizwi kwa kusomewa sheria. Mjumbe akiuliza, "Wewe unadai mpaka unapita wapi?" humlazimisha kila mmoja kutamka dai mbele ya majirani, na akishalitamka hawezi kulirudisha bila aibu. Akiuliza, "Zamani mlikuwa mnaupitisha wapi mpaka huu?" kiambishi m- huwabeba wote wawili, na jibu si mali ya mmoja. Huenda atakayejibu akawa mzee aliyeketi pembeni, asiye na shamba hapo, anayekumbuka palipokuwa na mwembe kabla haujakatwa.