Redio za Mkononi: Sikiliza Kwanza



Redio ndogo ya mkononi haihitaji kadi ya simu wala mnara wa kampuni. Bonyeza kitufe, subiri sekunde moja, ndipo useme. Ukikiachilia, unamsikia mwenzako. Anayesahau sekunde hiyo hupoteza neno la kwanza, na mara nyingi neno hilo ndilo jina la anayeitwa.

Lakini redio nyingi za bei nafuu hufika hata kwenye masafa waliyopewa wengine, wakiwemo wahudumu wa dharura. Anayepiga soga huko anaweza kuziba wito wa kumwokoa mgonjwa, wala asijue. Hapo hakuna mzaha. Anayeipenda burudani hii aanze kwa leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Ishara za wito za Kenya za redio ya ridhaa huanza na 5Z, na miongoni mwa masafa yake ni megahezi 144 hadi 146. Hata huko, sikiliza kwanza kama kuna anayezungumza.

Wati 5 hazipenyi mlima. Bondeni sauti hufifia baada ya kilomita chache. Kileleni, redio iyo hiyo hufika mbali ajabu. Kabla ya kulaumu betri, panda juu kidogo.